UFAFANUZI KUHUSU UFUNGAJI WA MIKONO YA BREKI KATIKA SUKANI ZA BASKELI ZENYE UNENE TOFAUTI

Watumishi wa serikali na wananchi wote wanaotumia baskeli katika shughuli zao za kila siku wanaombwa kuyasoma kwa makini maelezo yafuatayo. Yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo, nalo ni unene wa bomba la usukani na nafasi ya kikuku, yaani ile pete ya chuma inayoubana mkono wa breki katika bomba hilo. Udogo wake ni wa kipimo tu. Milimita moja na nusu ndiyo inayotenganisha mkono wa breki uliokaa imara na ule unaozunguka pale pale mpandaji anapoukamata kwa nguvu, akiwa katikati ya mteremko na mzigo nyuma.

Baskeli zinazotembea katika barabara za Unguja na Pemba hazikutoka mahali pamoja. Zipo zile nzito za chuma za mtindo wa zamani, kama vile Phoenix ya China na Hero na Avon za India, ambazo kwa miaka mingi zimebeba majani ya ng'ombe, mikungu ya ndizi, madumu ya maji na watoto wa skuli. Zipo za mtindo wa milimani, zenye usukani ulionyooka na matairi mapana. Zipo za mashindano, ambazo usukani wake umepinda kama pembe za kondoo. Na zipo zilizokwishatumika katika nchi nyingine kabla ya kuuzwa hapa, kila moja ikiwa na vipimo vya kiwanda chake. Mkono wa breki unapovunjika, aghlabu mwenye baskeli hatafuti kipuri kipya. Huchukua kilichomo katika baskeli nyingine iliyokwisha kufumuliwa. Jambo hilo halina ubaya wowote, na kwa hakika ni matumizi mema ya mali. Ila hapo ndipo vipimo viwili visivyofanana vinapokutana, na fundi mwenye haraka huvilazimisha vipatane.

VIPIMO VYENYEWE

Vipimo vya sukani vimeandikwa kwa milimita, lakini asili ya vingi ni inchi za Kiingereza, na ndiyo sababu tarakimu zake hazikukaa sawasawa. Sehemu ya kushikia katika usukani ulionyooka, uwe wa baskeli ya milimani, ya mtoto au ya zile nzito za chuma, kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 22.2, sawa na inchi 7/8. Usukani uliopinda wa mashindano ni mnene zaidi: milimita 23.8, sawa na inchi 15/16, na baadhi huzidi hapo kidogo.

Katikati ya usukani, mahali unaposhikwa na shingo yake, bomba huwa limefutuka. Hapo vipimo vinavyokutwa zaidi ni milimita 25.4, yaani inchi 1 kamili, 26.0 kwa baskeli nyingi za zamani za mashindano, na 31.8 kwa sukani za miaka ya karibuni. Baadhi ya baskeli mpya za milimani zimefikia 35. Vipimo hivi vya katikati vinatajwa hapa kwa sababu moja tu: wauzaji wengi wakiulizwa kipimo cha usukani hutaja hicho cha katikati, ilhali mkono wa breki haufungwi huko. Hufungwa katika sehemu iliyonyooka, karibu na mpira wa kushikia. Mwenye kununua mkono wa breki kwa kufuata kipimo cha shingo atarudi nyumbani na kitu kisichofaa.

Fundi mwenye kalipa hupima kwa dakika moja. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia karatasi na rula ya mwanafunzi. Mpira wa kushikia uvuliwe kwanza, bomba lifutwe kutu na uchafu, kisha kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita moja kizungushwe kwa kukazwa mahali pale pale ambapo kikuku kitakaa. Karatasi inapokutana na mwanzo wake itiwe alama kwa kalamu yenye ncha nyembamba, halafu itandazwe mezani na kupimwa. Urefu ukiwa karibu na milimita 70, bomba ni la 22.2. Ukiwa karibu na 75, ni la 23.8. Ukifika 80, kipimo kimechukuliwa katika sehemu ya 25.4, na ukifika 100, katika ile ya 31.8. Uzuri wa njia hii ni kwamba mzingo wa duara ni zaidi ya mara 3 ya kipenyo chake. Hivyo tofauti ya milimita 1.6, ambayo jicho haliioni, hugeuka kuwa milimita 5 ambazo hata mwenye macho mabovu atazisoma.

Kuhusu kikuku, kipo kielelezo ambacho hakihitaji rula. Kikuku kinacholingana na bomba, kikishakazwa, huacha mwanya mdogo baina ya midomo yake miwili pale skrubu inapopita. Mwanya huo ndio ushahidi kwamba nguvu ya skrubu inalibana bomba. Midomo ikigusana, kikuku kimefika mwisho wake. Mtu anaweza kuendelea kukaza mpaka skrubu ikatike, na bomba lisiongezewe nguvu hata chembe. Mwanya ukiwa mpana sana na midomo imepanuka kama mdomo wa koleo, basi kikuku ni kidogo kuliko bomba na kimekwisha kulazimishwa.

KIKUKU KIKUBWA JUU YA BOMBA JEMBAMBA

Hali hii hutokea mkono wa breki wa baskeli ya mashindano unapopelekwa katika usukani wa milimita 22.2. Ufumbuzi wake upo na ni salama ukifanywa kwa utaratibu. Kinachohitajika ni kipande cha bati cha kujazia nafasi, na unene wake ni nusu ya tofauti ya vipenyo viwili, kwa kuwa bati hukaa pande zote mbili za bomba. Kikuku cha 23.8 juu ya bomba la 22.2 kina tofauti ya milimita 1.6, bati liwe na unene wa milimita 0.8. Likatwe kwa upana ule ule wa kikuku na urefu wa milimita 69 hivi, likunjwe kwa kulizungushia fimbo ya chuma, na kingo zake zipigwe tupa ili zisikate mkono. Likishavishwa utabakia ufa wa milimita 3 hivi. Ufa huo uelekezwe upande ule ule wa midomo ya kikuku, ili bati nalo lipate nafasi ya kujibana pamoja nacho.

Alumini inafaa kwa kazi hii, kwa kuwa ni laini kiasi cha kulishika bomba na ngumu kiasi cha kutosinyaa. Bati la kopo la soda, ambalo mafundi wengi hulipenda, ni jembamba mno: unene wake ni kama milimita 0.1. Linafaa pale tu nafasi ni ndogo sana na mzunguko mmoja au miwili inatosha. Kulizungusha mara nane ili kufikia milimita 0.8 ni kujidanganya, maana kila tabaka huteleza juu ya jingine kama kurasa za kitabu.

Mpira wa tyubu kuukuu usitumike. Kati ya njia zote zinazotumika mitaani hii ndiyo iliyoenea zaidi na ndiyo inayostahili kuachwa kwanza, kwa sababu inadanganya. Siku ya kufungwa, mkono wa breki hukaa imara kabisa na mteja huondoka ameridhika. Lakini mpira hubonyea chini ya mgandamizo na huendelea kubonyea polepole siku baada ya siku, hasa baskeli inaposimamishwa juani. Kikuku kilichokazwa leo hulegea bila ya mtu kuigusa skrubu. Kadibodi na utepe wa gundi vina kasoro hiyo hiyo, na mvua ya masika huviharibu mapema zaidi. Kwa taa au kengele, ambazo hazivutwi kwa nguvu, mpira si tatizo.

KIKUKU KIDOGO JUU YA BOMBA NENE

Hapa hakuna ufumbuzi wa bati, na kishawishi cha kutumia nguvu ni kikubwa. Baadhi ya watu huingiza bisibisi katika midomo ya kikuku na kukipanua. Vikuku vingi vya siku hizi ni vya alumini ya kumiminwa, nayo haipendi kukunjwa. Hupata ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo hukatikia barabarani. Wengine hulipiga tupa bomba la usukani. Ukuta wa bomba hilo una unene wa milimita moja au mbili tu, na kila milimita inayotolewa hupunguza nguvu yake. Isitoshe, mkwaruzo wa tupa huwa ndio mwanzo wa mpasuko, hasa kwa alumini, ambayo huchoka kidogo kidogo kila usukani unapovutwa na kusukumwa, kisha hukatika ghafla bila ya kupinda kwanza. Usukani ukikatika, mpandaji hupoteza breki na mwelekeo kwa pamoja.

Njia zilizobaki ni mbili. Ama utafutwe mkono wa breki uliotengenezwa kwa ajili ya bomba hilo, na kwa usukani uliopinda huo ni ule wenye ukanda wa chuma unaozunguka bomba na skrubu iliyofichika ndani. Au usukani wenyewe ubadilishwe. Anayebadilisha usukani ahakikishe kipimo cha katikati kinalingana na shingo iliyopo. Usukani wa 25.4 katika shingo ya 26.0 huonekana kushika, kisha huzunguka siku mpandaji anapouegemea wakati wa kufunga breki.

BASKELI ZA BREKI ZA FIMBO

Zile baskeli nzito za chuma zinahitaji neno lao peke yake. Nyingi hazina waya. Mkono wa breki husukuma na kuvuta fimbo za chuma zinazokwenda hadi kwenye gurudumu. Mara nyingi mikono yake imeshikizwa katika vishikio vilivyochomelewa kwenye usukani, na wala haikubanwa kwa kikuku kinachoweza kufunguliwa. Wenye baskeli hizo wakichoshwa na fimbo zilizolegea hutaka kufunga mikono ya waya, na kwa upande wa usukani jambo hilo linawezekana, kwani bomba lake aghlabu ni la 22.2.

Kikwazo kipo chini, katika ringi. Raba za breki za fimbo hubana ringi kwa upande wa ndani, ule unaoelekea kwenye spoki, na ringi yenyewe imekunjwa kwa umbo la mviringo pembeni. Breki za waya hubana pembeni, nazo zinataka ringi yenye mbavu bapa. Zikifungwa juu ya ringi ya mviringo, raba hugusa kwa ukingo mwembamba tu na huteleza, zaidi wakati wa mvua. Anayefanya mageuzi hayo abadilishe na ringi, au abaki na fimbo zake na kuzitengeneza vizuri. Breki ya fimbo iliyorekebishwa si kitu cha kudharauliwa.

KUFUNGA NA KUKAZA

Kikuku cha pete moja hakiingii mpaka mpira wa kushikia uvuliwe. Mpira ukikataa kutoka, uinuliwe ukingo kwa kijiti cha spoki na kudondoshewa maji kidogo ndani yake, kisha uzungushwe. Mafuta yasitumike, mpira uliovuliwa kwa mafuta hautashika tena, na mkono utateleza nao. Kikuku cha vipande viwili hufunguka chenyewe na hakina usumbufu huo.

Mkono wa breki ukae katika sehemu iliyonyooka ya bomba, usipande kwenye ule mfutuko wa kuelekea katikati. Uinamishwe chini kidogo, ili mpandaji aliyekaa kitako barabara aufikie kwa vidole bila ya kukunja kiwiko cha mkono wala kifundo. Uzi wa skrubu upakwe grisi kidogo, kwa kuwa hewa ya bahari huigandisha skrubu ya chuma ndani ya alumini mpaka isifunguke. Lakini bomba na bati viachwe vikavu kabisa.

Kwa mikono mingi ya breki, nguvu ya kukaza ni baina ya nyutoni-mita 5 na 8, na kipimo cha kiwanda kikiwa kimeandikwa juu ya kikuku kifuatwe hicho. Asiye na spana ya kipimo anaweza kukadiria: kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 mwishoni mwa spana ya sentimita 10 ni karibu nyutoni-mita 6. Kwa sukani za kaboni, ambazo sasa zinaonekana katika baskeli za mashindano, nguvu iwe ndogo zaidi na maelekezo ya kiwanda yafuatwe bila ya kukisia. Baada ya kukaza, fundi auegemee mkono wa breki kwa kiganja na kuusukuma kuelekea chini. Ukizunguka, bado. Kisha abane breki kwa nguvu zake zote mara 10, baskeli ikiwa imesimama, na kuangalia kama waya umeteleza mahali ulipofungwa. Ni heri ukateleza hapo barazani.

Kikuku kinaweza kulingana na bomba, na mkono wa breki usifae hata hivyo. Breki za mikono mirefu miwili iliyosimama kila upande wa tairi, zilizoanza kuuzwa na Shimano mwaka 1996, huhitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya unavyovutwa na mikono ya breki za kawaida. Mkono wa kawaida ukitumika kwa breki hizo hufika kwenye usukani kabla ya raba kubana sawasawa. Kinyume chake, mkono uliotengenezwa kwa breki hizo ukifungiwa breki za kawaida huwa mgumu, na mpandaji hubana kwa nguvu nyingi akapata kidogo. Kadhalika, sukani nyingi za pikipiki zina kipenyo cha 22.2, na mkono wake huingia katika usukani wa baskeli bila ya shida. Hiyo haina maana kwamba unaifaa kazi. Ikumbukwe pia kuwa kichwa cha waya wa breki za mashindano kina umbo la pea na kile cha baskeli nyingine ni kama pipa dogo, na kimoja hakikai vyema katika kiti cha mwenziwe. Ganda la waya wa gia lisitumike kwa breki: nyuzi zake zimelala kwa urefu, nalo linaweza kupasuka breki inapobanwa kwa nguvu.

Mkono upi uvute breki ipi ni suala linalosahauliwa na wengi. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Uingereza na Japani, mkono wa kulia kwa kawaida hufunga breki ya mbele na wa kushoto ya nyuma. Kwa Uingereza, kanuni za mwaka 2010 zinataka baskeli mpya ziuzwe hivyo. Katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya na Marekani ni kinyume chake. Baskeli iliyokwishatumika inaweza kuwa imetoka kokote. Kwa kuwa visiwani huendeshwa kushoto, na anayekata kulia hunyoosha mkono wa kulia kutoa ishara, ni vyema mkono wa kushoto unaobakia katika usukani uwe na breki ya nyuma, kwani breki ya mbele ikibanwa peke yake kwa mkono mmoja huweza kumrusha mpandaji. Muhimu zaidi, baskeli zote za nyumba moja au ofisi moja zifanane katika jambo hili. Mtumishi anayeazima baskeli ya mwenziwe kwenda kazini, akakuta breki zimegeuzwa, atalijua hilo wakati mbaya.

Kwa baskeli ya mtoto, mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo inayousogeza mkono karibu na usukani. Vidole vya mtoto vikiwa haviufikii, skrubu hiyo izungushwe mpaka aukamate kwa vidole viwili bila ya kuachia mpira wa kushikia.

Kazi iliyofanywa vizuri hulegea kidogo katika siku za mwanzo, bati linapojikalisha. Skrubu ijaribiwe tena baada ya wiki moja ya matumizi, na mapema zaidi kwa wakaazi wa sehemu zenye vilima kama zilivyo nyingi za Pemba, ambako breki hubanwa mara nyingi katika safari moja. Kwa baskeli zinazolala karibu na pwani, bati la alumini juu ya bomba la chuma hutoa unga mweupe kwa sababu ya chumvi. Kila baada ya miezi michache kikuku kifunguliwe, unga upanguswe, na bati lililolika libadilishwe. Wakati huo huo mkono wa breki ubanwe hadi mwisho na waya uangaliwe pale kichwa chake kilipokaa, kwani huko ndiko unakoanza kukatika, uzi mmoja mmoja, mahali pasipoonekana mkono ukiwa umeachiwa. Ukikutwa uzi mmoja uliokatika, waya wote ubadilishwe.